Njugu Alizokuja Nazo Mama

Nilikula urithi wa mama yangu kwa likizo moja ya Desemba, na ulikuwa mtamu. Naanza hapo makusudi. Nikianzia mahali pengine popote watu hucheka kabla sijafika, halafu nami, kwa tabia yangu mbaya, nacheka nao, na habari yenyewe inapotelea humo.

Kwetu ni chini ya Ogembo, upande ule mteremko unapolegea, majani chai yakakata tamaa na watu wakaanza kupanda njugu karanga kando ya migomba. Naishi na nyanya, mamake baba. Kwa Ekegusii tunamwita magokoro, na hata nikimkosea namna gani jina hilo halipungui. Baba yuko Nairobi kwenye mijengo, na ana mke mwingine huko, mwenye sauti nzuri sana kwenye simu. Mama alifariki nikiwa darasa la sita.

Mama alikuwa mtu wa Nyamira, juu huko karibu na Nyaramba, ambako asubuhi mtu akikusalimia unaona salamu yenyewe ikitoka mdomoni kama moshi. Alipoolewa alikuja na sanduku la bati, blanketi mbili, Biblia, na njugu alizozifunga kwenye kitambaa ndani ya leso. Wanawake wa hapa walicheka wakashikana mabega. Njugu kutoka Nyamira! Ni kama mtu akuletee samaki kutoka Ogembo, kusiko na ziwa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa nyanya, na haya sikuambiwa na maadui zake, amenisimulia mwenyewe.

Lakini alizipokea, maana ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu. Mwanamke akiolewa huja na mbegu za kwao, na mbegu hizo hupewa kibuyu chao juu ya meko. Pale jikoni kwa nyanya palikuwa na vibuyu vitano, vimezibwa kwa gunzi na vimepakwa moshi wa miaka mingi mpaka vikang'aa kama viatu vya hedimasta. Kimoja kilikuwa cha mama mkwe wake, ambaye sikumwona. Kimoja chake yeye. Vitatu vya wake za wanawe. Kila mwaka, mvua za Machi zikija, kila kibuyu kilipata mistari yake shambani, na baada ya kuvuna kila mbegu ilirudi kibuyuni mwake. Na hakuna mbegu iliyoitwa kwa rangi wala kwa ukubwa. Iliitwa kwa mwanamke. "Hizi ni za yule wa Nyamira." Basi. Ukimuuliza nyanya, "Magokoro, za mama zinafananaje?" hakuambii nyekundu au ndogo. Anakunyooshea kidole kibuyu. Aliyemo kibuyuni ndiye yule aliyeingia kibuyuni. Nani angethubutu kufanya vingine?

Mimi.

Kabla ya hapo lazima niseme kwa nini mbegu hizo zilikuwa kitu. Nilipokuwa darasa la tatu ulikuja ugonjwa. Njugu zilichuchumaa shambani, majani yakageuka manjano na kujikunja kama kabichi lililokasirika, na ukizing'oa chini hakuna kitu, mizizi mitupu. Ilikuwa kila boma. Shamba letu lilianguka mstari kwa mstari mpaka ukafika mwisho, karibu na mpaka, kwenye mistari miwili ya mama. Hiyo ilibaki kijani. Watu walikuja kuiangalia kama wanavyokuja kuangalia gari lililopinduka. Sabato iliyofuata nyanya alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, na mtu mzima yule akasema mbele ya wote, "Mke wa mwanangu nilimcheka. Mungu amenifunga mdomo kwa njugu zake." Mama alikaa pale akiangalia vidole vyake vya miguu. Nilikuwa nimemlalia mapajani na nilisikia tumbo lake likicheka kimyakimya.

Mama aligawa mbegu kwa kila aliyeomba. Lakini njugu zake zilikuwa ndogo, na ganda gumu la kukuumiza kidole gumba. Ugonjwa ulipoondoka, shukrani iliondoka nao. Watu walirudia njugu nene za sokoni, zile ambazo mchuuzi analijaza debe kwa njugu chache. Mama alipougua na kufa, njugu zake zilibaki katika shamba moja tu duniani, shamba letu, mistari miwili kila mwaka, nyanya akizipalilia kwa mkono bila jembe kana kwamba anamsuka mtu nywele.

Sasa Desemba ile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza. Ningependa kusema nilikuwa na njaa, ingesikika vizuri. Nyanya ni Msabato wa kweli; Jumamosi hapikiwi mtu, chakula hupikwa Ijumaa kikasubiri. Nami Jumamosi moja nilijifanya naumwa na kichwa. Nina kipaji hicho, naweza kufanya macho yangu yawe ya mgonjwa hata mwalimu wa zamu akanibebea daftari. Nyanya akanifunika, akanichemshia maji kabisa, kisha akaenda kanisani, siku nzima.

Nikaamka. Nikashusha kibuyu cha mama. Nilitaka punje kumi tu. Nikazikaanga juu ya kifuniko cha sufuria na chumvi kidogo, na jikoni pakanukia vile palivyokuwa pakinukia nilipokuwa nikitoka shule na mama yuko. Harufu ile ile, kabisa, mpaka nikageuka nikaangalia mlangoni. Hiyo ndiyo sababu, kama mtu anataka sababu. Sina nyingine.

Sabato ya pili kichwa kikaniuma tena. Na ya tatu. Nyanya aliniombea kanisani kwa jina. Mimi huku natafuna. Niliweka magunzi ndani ya kibuyu ili kisipoteze uzito, na nilijiona mjanja kuliko Ibilisi. Nilijiambia nitaacha za kupanda. Januari, siku moja kabla ya kufungua shule, niliingiza mkono nikashika gunzi, na gunzi, na gunzi.

Nilifanya ambavyo ungefanya wewe. Nilienda soko la Ogembo, kwa mama mmoja anayeuza njugu zenye maganda, nikachuchumaa mbele ya rundo lake nikianza kuchagua zile ndogo ndogo, moja moja.

"We mtoto," akasema, "unachagua njugu ama unachagua mchumba?"

"Mchumba huwa sichagui, mama. Hao nachukua tu wanaokuja."

Akacheka, akaniongezea kiganja. Nikarudi, nikajaza kibuyu, nikarudisha gunzi mdomoni mwake, nikajiambia njugu ni njugu. Machi nyanya akazipanda. Nilimsaidia. Nilikuwa nikiangusha punje shimoni mbili mbili huku nikiiga sauti ya mchungaji akibariki ndoa, na nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Julai tulipovuna akazishika mkononi akazipima.

"Mwaka huu zimenenepa."

"Ni mbolea, magokoro. Kwani wewe hujanenepa?"

Akanirushia mzizi wenye udongo, na zikaingia kibuyuni. Nikaona yameisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, nikiwa kidato cha tatu, alikuja mtafiti wa mbegu. Tulikuwa tumezoea maafisa wanaokuja na tumbo mbele. Huyu alikuwa dada tu, hata miaka thelathini hajafika, amevaa gambuti na amebeba kijokofu cha barafu begani. Alikuwa akizunguka boma kwa boma akitoboa majani ya njugu kwa kitu kama kile cha kutobolea karatasi ofisini, na vipande vyake vinaingia katika vichupa vidogo. Alisema anatafuta alama za vinasaba. Anataka kujua njugu za huku zinatofautiana kiasi gani kindani, si kwa macho.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye poshomili, ile mashine ya kusaga unga, alisikia neno moja tu: DNA. Kwetu neno hilo tumelisikia kwenye redio wakati wa kesi za mazishi, mtu amekufa na watoto wanajitokeza kutoka kila mahali. Kufikia saa sita mchana habari ilikuwa imefika sokoni kwamba kwa nyanya kumekuja watu wa kupima watoto. Wanaume wawili wa kijiji chetu walikumbuka kwamba wana shughuli Kisii mjini. Sitawataja, wanajijua, na wake zao sasa pia wanajua.

Nyanya alimwekea mtafiti kiti kivulini. "Haya, mwanangu. Niambie, mnataka kuzifanya nini?"

"Mama, tunazalisha mbegu mpya. Tunachukua njugu mbili, hii na ile, tunazikutanisha, wapate mtoto anayezaa sana na hashikwi na ugonjwa. Lakini zikiwa za damu moja, mtoto hana jipya. Anarithi udhaifu ule ule mara mbili. Kwa macho zinaweza kuonekana tofauti kumbe ni moja. Ndiyo maana tunaangalia alama za ndani."

Nyanya alifikiri kidogo kisha akapiga goti lake. "Kumbe ni kuoa! Sisi hapa mtu haoi ukoo wake. Ni lazima aende mbali."

"Ndivyo hasa."

"Basi mnatafuta posa."

"Tunatafuta posa, mama. Na mpaka sasa nimepita boma kumi na moja, na naogopa zote ni dada."

Hapo nyanya akainuka. Nilimwona akijinyoosha mgongo vile anavyojinyoosha siku za ushirika mtakatifu. Akamshika mtafiti mkono, akampeleka mpaka mwisho wa shamba, kwenye mistari miwili karibu na mpaka, na akamwambia yote: leso, Nyamira, vicheko, ugonjwa, ushuhuda. Mtafiti alisimama na kichupa mkononi.

"Kutoka Nyamira? Juu kule kwenye baridi? Na ilisimama?"

"Muulize mtu yeyote."

"Mama, kama ni kweli, hii ndiyo nimekuwa nikitafuta mwaka mzima." Akapiga magoti kwenye udongo kama anataka kusali, akaanza kutoboa majani. Kisha akainua kichwa kuniangalia. "Na wewe ni mtoto wake?"

"Wanasema hivyo," nikajibu. "Nitoboe sikio uhakikishe."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika shina la mgomba kwa mikono miwili. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu duniani wanaoweza kuingia ndani ya jani na kuona uongo.

Niliuliza majibu yatachukua muda gani. Agosti, akasema. Nikahesabu wiki. Nikapata wazo, na siku zile nilidhani ni wazo la kuokoa: mbegu za mama zilitoka mahali. Mahali hapo pako bado. Nitaenda kwa akina mama Nyaramba, nichukue hata punje ishirini, nimtafute yule dada, nimpe.

Nilienda Jumapili. Nyumbani kwa akina mama nilikuwa nimefika mara ya mwisho siku za kilio. Mjomba alikuwa amezeeka ghafla, vile wanaume wanavyozeeka kwetu, leo hapana kesho ndiyo. Alifurahi kuniona akaita mke wake kwa sauti ya kumfukuza ng'ombe.

"Mjomba, nimekuja kuomba mbegu. Zile njugu za mama."

"Njugu?" Akakuna kidevu. "Eee, nyanya yako wa huku alikuwa na njugu. Alikuwa akizipanda pale chini." Akanyoosha mkono.

Pale chini palikuwa na msitu wa mikaratusi, mirefu, iliyonyooka, imepandwa kwa kamba. Chini ya mikaratusi hakuoti kitu. Hata nyasi hukataa.

"Alipokufa tukapanda miti," mjomba akasema. "Hii inalipa. Njugu za huku zilikuwa za mzee kujifurahisha tu."

Mke wa mjomba hakutaka nirudi mikono mitupu, angeona aibu. Alipanda ghalani, akatafuta muda mrefu, nikamsikia akipiga chafya, akashuka na kibuyu chenye ufa. Alikimimina juu ya ungo. Yalitoka maganda, yenye matundu, na ndani ya maganda unga mweupe na wadudu wawili waliokuwa hai na waliokuwa wakikasirika kwa kusumbuliwa. Nilichambua yote. Ganda moja moja, kama nilivyochagua kule sokoni. Mke wa mjomba akasimama akiniangalia.

"Wewe, mbona unachambua hivyo? Ni njugu tu. Kwani Ogembo hakuna njugu?"

"Ziko, mama. Ziko nyingi sana."

Akanipa mboga za chinsaga na mkungu mdogo wa ndizi. Nilibeba mpaka nyumbani, nyanya akashukuru Mungu kwa wema wa watu wa Nyamira.

Juni ukaja ule ugonjwa tena. Kama vile ulikuwa umekaa mahali unasikiliza. Ulianza kwa mama wa poshomili, ukaruka barabara, ukaingia kwetu upande wa juu. Nyanya alizunguka kila asubuhi kabla hata ya kukamua ng'ombe. Majirani walipokuja kulia kwake aliwapa chai na akawaambia, "Ngojeni. Ile ya mke wa mwanangu itasimama, mtapata mbegu kwake, kama zamani." Alisema hivyo kwa watu wengi. Alimwambia mchungaji. Alimpigia simu baba Nairobi kumwambia, na baba akasema sawa mama, sawa.

Nilikuwa nikitoka shule jioni nikimkuta amesimama pale mwisho wa shamba. Wiki ya kwanza majani yalikuwa sawa. Wiki ya pili nilimkuta ameinama, anageuza jani lililoanza manjano, anaangalia upande wa chini, anageuza lingine. Sikumkaribia. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda akavua gambuti moja, akasahau ya pili.

"Imechoka," akasema.

Nilitaka kumwambia hapo. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunyamaza hata kwenye mtihani, ulitoa kingine. Nikasema, "Labda ni jua, magokoro." Akaniangalia kama mtu aliyesikia neno la heri akashukuru.

Majibu yalikuja Agosti, siku ya Jumanne. Yule dada aliita wenye mashamba yote aliyopita, wakakutana uwanjani pa kanisa letu, kwenye vile viti vya plastiki vya harusi. Alibandika karatasi kubwa ukutani yenye mchoro kama mti uliolala ubavu, matawi yakigawanyika, na kila tawi na nambari ya boma. Alieleza polepole, kwa upole, nami nilimpenda na kumchukia kwa upole huo. Boma kumi na mbili, alisema, karibu zote ziko kwenye tawi moja. Si jamaa tu. Ni kitu kimoja. Mbegu ya sokoni imemeza nyingine zote kwa sababu watu wanaazimana na kurudishiana, mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana ugonjwa ukimwangusha mmoja unaangusha wote. Hakuna aliye tofauti wa kubaki.

Nyanya aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Na ile yetu? Ya Nyamira?"

Dada aliangalia karatasi ingawa hakuhitaji kuiangalia. "Mama, niliirudia mara mbili kwa sababu nilikuwa nimeitumainia. Haina tofauti yoyote na ya sokoni."

Kisha mama wa poshomili, ambaye Mungu alimwumba bila kifuniko, akasema nusu kwa sauti, "Kumbe alizinunua tu njiani, akaja akatuambia ni za kwao!"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Msimseme marehemu." Lakini alisema huku naye anacheka, na nikasikia kicheko kile kinapita kutoka kiti hadi kiti, kicheko cha siku ile mama alipofika na leso yake, kana kwamba kilikuwa kimehifadhiwa mahali pakavu.

"Ule mwaka mwingine ilisimama," nyanya akasema. "Niliona kwa macho yangu."

"Inaweza kutokea, mama," dada akajibu. "Wakati mwingine upande mmoja wa shamba unapona kwa bahati tu."

Kwa bahati. Nyanya akaketi. Alikunja karatasi aliyopewa mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika.

Nilimfuata yule dada mpaka kwenye gari. Alikuwa akiweka vitu nyuma. Nilimwambia yote haraka haraka, kichwa kuniuma, magunzi, soko, Nyaramba, mikaratusi. Nilitegemea atanichapa, au atacheka. Hakufanya lolote. Aliacha mkono wake juu ya mlango wa gari.

"Zilibaki ngapi?"

"Hakuna."

"Hata moja? Iliyoanguka, iliyoota yenyewe kando ya jikoni, popote?"

"Nimetafuta."

"Na maganda?"

"Nilichoma."

Akafumba macho kidogo. "Nakuamini," akasema. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia hivyo katika maisha yangu, na ilikuwa ndiyo siku nilitamani nisiaminike.

"Basi rudi uwaambie kwamba mama hakudanganya! Andika kwenye karatasi yako!"

"Nitaandika nini, mdogo wangu? Sina jani lake. Hakuna aliyewahi kuja kuchukua kabla yangu. Nikisimama pale nikasema kulikuwa na njugu nyingine, wataniuliza iko wapi." Akanishika bega. "Mwambie nyanya. Hilo linawezekana."

Nikamwambia. Kesho yake alasiri tulikuwa nje tunabangua zile chache zilizokuwa zimepona upande wa juu, ungo katikati yetu. Niliamua sitafanya sauti yoyote ya kuiga, sitatikisa nyusi, nitasema tu.

"Magokoro, za mama nilizila mimi. Likizo ya Desemba, nikiwa nimetoka kidato cha kwanza, kila Sabato. Zilizokuwa kibuyuni nilinunua Ogembo. Mama hakudanganya. Ni mimi."

Aliacha kubangua. Aliniangalia muda mrefu, na nikaona uso wake unaanza kubadilika, nikajikaza kwa kofi. Akacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha pumzi, na machozi yakawa yanashuka humo humo.

"Wewe," akasema. "Wewe mtoto. Ulinidanganya kuku wanahesabiwa na serikali nikawafunga wote miguu nikavaa nguo za kanisa kungoja afisa. Ulinidanganya mchungaji amehamishiwa Sudan. Leo umekuja na hii."

"Magokoro, hii ni kweli. Naapa."

"Usiape." Akanyoosha mkono wake wenye vumbi la maganda akanishika shavu. "Najua unalofanya. Unataka kumbebea mama yako. Ni vizuri. Mama yako amebarikiwa kupata mtoto anayeweza kujipaka matope ili yeye aonekane msafi."

"Nilikula! Nilizikaanga kwenye kifuniko cha sufuria! Nilikuwa siumwi na kichwa!"

"Nilikuwa nakukanda mwenyewe kile kichwa, kilikuwa moto," akasema. "Nyamaza sasa. Hata mimi nilimpenda. Hata kama alinunua njiani, alikuwa msichana mdogo, aliona aibu kuja mikono mitupu. Nimeshamsamehe."

Nimeshamsamehe. Aliendelea kubangua. Nilikaa pale na nikaelewa kwamba nikiongeza neno moja atazidi kunisifu, na kila sifa itakuwa inamshusha mama chini zaidi. Nimejaribu tena mara tatu tangu hapo. Mara ya mwisho alikasirika, akasema utani una mwisho wake na wafu wapumzike. Nilimpigia baba, akacheka akasema niache vituko nisome. Shuleni nikawaambia marafiki, wakaniomba nirudie ile sehemu ya magunzi, niiige na ule uso wa mgonjwa. Nikairudia. Walianguka chini kwa kucheka. Nikairudia tena.

Mvua ndogo za Septemba zilikuta nyanya ameshusha vibuyu vyote vitano. Alivimimina ndani ya beseni moja la plastiki, akachanganya kwa mikono miwili kama anakanda unga. Akasema hakuna haja ya kuhangaika kutenga kitu kimoja. Tulipanda bila kuhesabu mistari, kuanzia juu mpaka kwenye mpaka, na hakuniomba nibariki mtu.

Mama wa poshomili alipita njiani na gunia kichwani. Akasimama kutusalimia. Labda alitaka amani, sijui.

"Naona mnapanda. Na zile za mke wa mwanao mwaka huu mtaziweka wapi?"

Nyanya alifunika shimo kwa mguu, akasogea hatua moja, akatoboa lingine kwa kijiti.

"Zipi?" akauliza, na hakuinua kichwa.